Volti za Prosesa: Namba Iliyomtoka Fundi Mkononi

Fundi kijana akikuta programu inasema prosesa ya laptopu inapata volti 1.79, na yeye aliambiwa kwamba prosesa hizi hazifiki hata 1.3, huamua moja kati ya mawili: bodi imekufa, au programu inadanganya. Mimi nafanya kazi hii Kariakoo, Dar es Salaam, nimelelewa na fundi wa redio, na mara nyingi nakuta bodi ni nzima na programu haijadanganya. Imejibu swali jingine. Kujua ni swali gani kunataka turudi nyuma zaidi ya miaka 50, maana volti za prosesa zimehama mikono mara kadhaa, na kila zilipohama zilizaa namna mpya ya kusomwa vibaya.

Mwanzoni mambo yalikuwa wazi. Intel 4004 ya mwaka 1971 ilitumia volti 15. 8080 ya mwaka 1974 ilitaka njia tatu kwa pamoja: 12, 5 na hasi 5. Mwaka 1976 ikaja 8085 yenye njia moja tu, volti 5, na ile tano mwishoni mwa jina lake inatokana na hilo. Tangu hapo, kwa zaidi ya miaka 15, tano ndiyo ikawa sheria. 8086, 286, 386 na 486 za mwanzo, pamoja na kumbukumbu na aisii ndogondogo zilizozizunguka, zote zilikunywa kutoka waya mmoja mwekundu wa pawasaplai. Ncha nyeusi ya mita kwenye ardhi, nyekundu kwenye waya mwekundu, ukiona 4.95 au 5.05 unahamia kwingine.

Kwetu mambo yalipita njia yake. Mwaka huohuo wa 1974 ambao 8080 ilitoka, serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, kwa hiyo elimu ya volti katika mitaa yetu ilijengwa juu ya redio. Mzee aliyenifundisha alihesabu volti kwa mawe: redio ya mawe manne ni volti 6, ya mawe sita ni volti 9. Hakukubali mteja amwelezee ugonjwa kabla hajapima umeme. Maneno ya mteja aliyasikiliza baadaye, na kwa kejeli. Marufuku ilipolegezwa na kompyuta zikaanza kumiminika miaka ya 1990, waliozipokea ni watu wa aina yake, mafundi wa redio na televisheni, nao walizipokea na imani yao ileile: kilichopo ni kile mita inachosema.

Imani hiyo iliponzwa na joto. Pentium za kwanza za mwaka 1993, zile za megahezi 60 na 66, bado zilitumia volti 5, na zilichoma kweli. Umeme unaoliwa na prosesa hupanda kwa mraba wa volti zake. Ukishuka kutoka 5 hadi 3.3, kwa kasi ileile, ulaji unabaki chini ya nusu. Ndicho walichofanya Intel mwaka 1994 kwa Pentium zilizofuata. Januari 1997 Pentium MMX ikaja na volti mbili kwa mpigo: 2.8 kwa moyo wa prosesa, 3.3 kwa njia zake za kuzungumza na bodi. AMD nao walitoa K6 ya megahezi 166 na 200 kwa volti 2.9, halafu ile ya 233 wakaipa 3.2. Ukiacha zile za mwaka 1993, soketi ilikuwa moja, na prosesa zote hizo zilikaa humo.

Nani basi aliiambia bodi itoe ngapi? Fundi, kwa jampa. Pembeni ya soketi kulikuwa na pini na vifuniko vidogo vyeusi, na jedwali la herufi ndogo lililochapwa kwenye bodi au kwenye kijitabu ambacho hakuna mteja aliyekitunza. Ukiweka 3.2 kwa prosesa ya 2.9 ilichemka, ukiweka 2.9 kwa ile ya 3.2 iliganda katikati ya kazi. Nilikipenda kipindi hicho kuliko vyote vilivyofuata, na vijana wangu hunicheka kwa hilo. Lakini ukweli ni kwamba fundi alizijua volti kwa sababu ndiye aliyeziweka kwa kidole chake, na mita ilikuja tu kuthibitisha.

Kilichoua jampa kilianza kimyakimya mwaka 1995 na Pentium Pro. Prosesa hiyo ilikuwa na pini nne ambazo kazi yake ilikuwa kuomba. Kila pini iliunganishwa na ardhi ndani ya prosesa au iliachwa wazi, na mpangilio huo ulikuwa msimbo: nipe volti kadhaa. Kidhibiti volti cha kwenye bodi kiliusoma msimbo na kutoa kilichoombwa. Pentium II ya mwaka 1997 iliongeza pini ya tano. Msimbo huo watengenezaji waliuita VID, na jina hilo utalikuta hadi leo kwenye programu yoyote ya kupima. Jambo zuri sana, sitalibeza. Prosesa ngapi zimepona kuunguzwa na jampa! Ila kuanzia hapo volti zikawa za aina mbili, zilizoombwa na zilizotolewa, na hakuna sheria ya maumbile inayozilazimisha kulingana.

Karibu na wakati huohuo zikaja aisii za kupima ndani ya bodi. Iliyojulikana zaidi ni LM78 ya National Semiconductor, na baada yake W83781D ya Winbond. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ugonjwa wa namba zisizo sahihi ulizaliwa hapa, na hesabu yake bado inanisaidia ninapofundisha.

LM78 ilipima kwa biti 8, kila hatua milivolti 16. Hatua 255 mara 16 ni volti 4.08, juu ya hapo haioni. Itapimaje volti 12? Msanifu wa bodi anaweka resista mbili za kugawanya. Ukitumia ya kiloomu 28 na ya kiloomu 10, volti 12 zinafika kwenye aisii zikiwa 3.16. Kwa volti 5 ilitumika jozi ya 6.8 na 10, zikafika 2.98. Aisii yenyewe haijui habari za resista. Inajua tu kwamba imeona 3.16. Programu ndiyo inayotakiwa kuzidisha kwa 3.8 ili 12 irudi. Nayo programu haina macho ya kuona resista. Inaambiwa na mtu.

Mwaka 1998 ulianza mradi wa lm_sensors kwa ajili ya Linux, wa akina Frodo Looijaard na Philip Edelbrock. Ulikuja na faili la mipangilio lenye mistari ya kuzidisha na kugawanya, ambayo kwa kweli ni kumbukumbu ya resista za wasanifu waliokaa mbali. Upande wa Windows kulikuwa na Motherboard Monitor ya Alexander van Kaam, nayo ilihitaji kuambiwa bodi yako ni ipi. Sasa chukua bodi iliyotumia resista za kugawa kwa 3.8, na programu inayodhani ni 4: volti 12 halali zinasomeka 12.63, na mwenye mashine anatoka mbio kununua pawasaplai mpya. Mbaya zaidi ni pini ambayo msanifu hakuiunganisha na kitu. Pini hiyo huokota namba hewani, na programu huiandika kwa ujasiri uleule inaoandikia nyingine, imepewa jina la njia ya umeme ambayo haipo kabisa kwenye bodi hiyo.

Kwenye kompyuta za mezani makosa hayo yalirekebishwa kidogokidogo, bodi kwa bodi. Laptopu ilikuwa nchi nyingine. Humo kazi ya joto na feni, na mara nyingi chaji ya betri, ilikabidhiwa aisii moja inayosimamia pia kibodi, ambayo vijana wetu huiita aisii ya I/O, na kila kampuni iliipangia lugha yake bila kumwambia mtu. Volti za prosesa mara nyingi hazikupelekwa kwenye kipimo chochote ambacho programu ya nje ingeweza kukifikia.

Waliojaribu kupita kwa nguvu walipata somo. Programu ya lm_sensors ya kutafuta aisii za kupima ilikuwa ikigonga anwani moja baada ya nyingine kwenye njia ya mawasiliano ya ndani, kuona nani anaitika. Kwenye baadhi ya ThinkPad za IBM, zikiwamo za mfululizo wa 570 na 600, katika njia hiyo kulikuwa na kijichipu cha kumbukumbu cha Atmel, 24RF08, ambacho kugongwa kwa namna hiyo kulikivuruga. Data iliyokuwa humo ikaharibika na mashine ikagoma kuwaka. Mtu alitaka kujua joto na volti za laptopu yake, akaishia na tofali la bei kubwa. Wenye mradi waliandika onyo, kisha wakaizuia programu isiguse njia hiyo kwenye mashine za IBM. Baada ya hapo kuiuliza prosesa yenyewe, na kuiacha bodi ikae na siri zake, ikawa njia ya salama.

Na prosesa, kwa bahati, ilikuwa inaanza kuongea. Januari 2000 Intel walileta SpeedStep kwenye Pentium III za laptopu: ukiwa kwenye umeme wa ukutani, megahezi 650 kwa volti 1.6, ukichomoa chaja, megahezi 500 kwa volti 1.35. Zidisha mwenyewe: ulaji unashuka hadi kama asilimia 55. Kwa mara ya kwanza mteja aliweza kubadilisha volti za prosesa kwa kuvuta waya, bila kujua amefanya hivyo. Fundi aliyepima na chaja na mwenzake aliyepima kwa betri wangebishana mpaka jioni.

Pentium M ya Machi 2003 ilipanua mchezo. Ile ya gigahezi 1.6 ilipanda na kushuka ngazi, kutoka volti 1.484 ikiwa na kazi nzito hadi 0.956 kwa megahezi 600 ikiwa imetulia. Namba hizo zilikuwa kwenye jedwali la Linux kabisa, na zilitoka kwenye kanuni rahisi: milivolti 700, ongeza 16 mara msimbo. Msimbo 16 unatoa 956. Msimbo 49 unatoa 1,484. Kizazi kilichofuata cha Core Duo na Core 2 Duo kikabadilisha kanuni: 712.5, ongeza 12.5 mara msimbo. Unaona kinachokuja. Programu ya zamani ikikutana na Core 2 Duo yenye msimbo 30 inasema volti 1.18, wakati prosesa imeomba takriban 1.09. Hakuna kilichoharibika pale zaidi ya umri wa programu. Ndiyo maana hadi leo swali langu la kwanza kwa kijana anayelalamikia namba ni kama amesasisha programu yake, na ndiyo maana nawaheshimu watu kama Franck Delattre wa CPU-Z na Martin Malik wa HWiNFO, ambao kwa miaka mingi wamelazimika kufuata kila kanuni mpya.

Lakini hata kanuni ikiwa sahihi, kinachosomwa ni ombi. Ni sawa na kusoma oda aliyoiandika mhudumu wa mgahawa ukatangaza kwamba umeonja pilau. Kuna njia ya umeme kati ya kidhibiti volti na prosesa, na vidhibiti vyenyewe hupangwa makusudi vishushe volti kidogo mkondo unapoongezeka. Chukulia mteremko wa miliomu 2 na mkondo wa ampea 20: zimepotea milivolti 40. Programu inasema 1.000, mita inasema 0.960, na mashine inafanya vilevile ilivyosanifiwa.

Kisha kuna suala la usingizi. Prosesa za leo zikikosa kazi hata kwa milisekunde chache hushusha volti za moyo wake, au huukata umeme kabisa. Ila programu, ili isome rejista ya prosesa, lazima iendeshwe na prosesa hiyohiyo. Kule kuuliza tu kunaiamsha. Kwa hiyo mita yako kwenye koili inaweza kuonyesha volti ndogo sana wakati skrini inaonyesha 0.75, na hakuna siku programu itakuonyesha volti za prosesa iliyolala.

Mwaka 2011, kwa Sandy Bridge, mambo yalikuwa nafuu kwa muda. Rejista yenye anwani 0x198 ikaanza kubeba volti katika biti 16, ya 32 hadi ya 47, na ukigawa kwa 8192 unapata jibu. Ukikuta 6144 ndani yake, ni volti 0.75. Ombi bado ni ombi, lakini angalau lilisomeka bila kubahatisha.

Halafu ikaja Haswell, kizazi cha nne, mwaka 2013, na hii ndiyo inayoniletea wateja wengi zaidi. Intel walikichukua kidhibiti volti wakakiweka ndani ya prosesa. Bodi ikabakiwa na kazi ya kupeleka takriban volti 1.8 hadi mlangoni, na humo ndani umeme ukagawanywa: huku moyo, huku kashe, huku michoro. Fundi akiweka mita kwenye koili kubwa iliyo kando ya prosesa anapata 1.8 au karibu yake. Kijana aliyezoea kizazi cha tatu, ambako koili hiyohiyo ingempa 0.9, anashika kichwa. Na programu nyingine zilichanganya volti za mlangoni na za moyo, zikaziweka mstari mmoja kwa jina moja.

EliteBook 840 G1, ThinkPad T440 na Latitude E7440 ni za kizazi hicho, na ni laptopu zilizoletwa huku kwa wingi kama mtumba wa maofisi ya Ulaya. Kizazi cha tano, kama 840 G2 na T450, kilikuwa hivyohivyo. Kizazi cha sita, Skylake ya mwaka 2015, kilirudisha kidhibiti nje, na mita ikaanza tena kusema volti za moyo. Chukua 840 G3 au T460 uone. Ungedhani habari imeishia hapo. Mwaka 2019 Intel waliuza kizazi cha kumi kwa koo mbili: i5-1035G1 ni ya Ice Lake, kidhibiti kiko ndani, i5-10210U ni ya Comet Lake, kidhibiti kiko nje. Stika ya nje inasema kizazi cha kumi kwa zote mbili. Sijui nani aliyepanga majina hayo, lakini hakuwa na fundi akilini.

Desemba mwaka huohuo wa 2019 ukafungwa mlango mwingine. Wapo waliokuwa wakishusha volti za laptopu kwa programu ili zipunguze joto. Jambo hilo lilianza tangu siku za Pentium M, na kwa hali ya hewa ya Dar es Salaam lina maana. Watafiti wa vyuo vikuu vya Birmingham, Leuven na Graz walionyesha kwamba njia hiyohiyo ya kushusha volti inaweza kutumiwa kuifanya prosesa ikosee hesabu ndani ya eneo lake la siri, na kupitia kosa hilo siri zikaibwa. Shambulio walilipa jina Plundervolt. Masasisho ya bayosi yaliyofuata yaliifunga njia hiyo kwenye laptopu nyingi. Leo mtu anaandika hasi 80, programu inapokea bila kulalamika, na prosesa inapuuza. Anaporudi kulalamika kwamba kipimo hakibadiliki, kipimo chake kiko sawa. Amri ndiyo haikufika.

Kwa hiyo mashine ikifika mezani kwangu na malalamiko ya volti, siianzi kwa mita kama alivyokuwa akifanya mzee wangu, na nadhani angenikaripia. Nasoma kwanza namba kamili ya prosesa, yote hadi herufi ya mwisho, nijue kidhibiti kiko ndani au nje. Natazama mstari ambao programu imeuandika: ni VID, ni volti za mlangoni, au ni kipimo cha kweli kutoka kwenye bodi? Mstari wa mwisho huo ni adimu kwenye laptopu. Kisha naipa mashine kazi nzito, na hapo ndipo naweka mita kwenye kapasita za kutokea, nikilinganisha na ramani ya saketi ya bodi hiyohiyo na si ya bodi ya jirani yake. Tofauti ya milivolti 30 au 50 naiacha. Volti zinazoyumba ovyo chini ya mzigo, mashine inayojizima kazi ikipanda, koili inayoungua kidole: hayo naanza kuyafungulia skrubu.

Nawe unayenunua laptopu ya mtumba, usiikatae kwa sababu programu imekuonyesha volti 1.8 kwenye kizazi cha nne au cha tano. Hiyo ndiyo namba yake. Na kama inawaka, haijizimi na feni haipigi kelele bila sababu, lakini fundi anakuambia ubadilishe bodi kwa ajili ya namba ya kwenye skrini peke yake, chukua mashine yako uende kwa fundi mwingine.